Namna ya kumwambia mpishi kwamba chumvi imezidi

Ramadhani ya mwaka juzi nyumba yetu ya wageni, hapa Mkomani, Lamu, ilitoa samaki wa kupaka wenye chumvi kali kwa siku 11 mfululizo. Najua ni 11 kwa sababu baadaye nilikaa na daftari la jikoni nikazihesabu. Dada anayeosha vyombo alijua, maana sahani zilirudi na samaki nusu. Kijana wa mapokezi alijua. Nahodha wetu alijua, kwa kuwa wageni walimaliza maji ya kunywa kabla mashua haijafika Shela. Mimi, msimamizi wao, nilijua tangu siku ya tatu. Asiyejua alikuwa mpishi peke yake.

Alikuwa amefunga. Mchana anapika, haonji. Wako masheikh wanaomruhusu mpishi kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini yeye hakutaka kuitia saumu yake shaka, nami sikumlaumu. Tukamwacha hivyo. Tukajiambia tunamsitiri, mtu mzima, mwezi mtukufu, nani atamwambia? Siku ya 11 mgeni mmoja akaandika kwenye intaneti kwamba chakula cha nyumba ile hakiliki. Mpishi akasomewa maneno hayo na mpwa wake, dukani, Langoni, mbele za watu.

Nimefanya kazi ya hoteli na nyumba za wageni miaka 22, kwanza Malindi, sasa Lamu, na sijawahi kuona aibu kama niliyoiona alipoingia jikoni siku ile asitusalimie. Hapo ndipo nilipoanza kulifikiria upya hili neno sitara. Sisi watu wa pwani tunalipenda, na kazini tunalitumia vibaya. Tunadhani kumsitiri mwenzako ni kunyamaza. Mimi sasa naamini sitara iko katika kuchagua pa kusemea, na aliyenyamaza hajamsitiri mtu, amemwacha tu avuliwe na wengine. Yafuatayo ni namna ninavyofanya siku hizi.

Pa kusemea

Angalia nyumba yetu ya mawe ilivyojengwa. Ukitoka njiani unakuta daka, kibaraza cha mlangoni chenye viti vya mawe, ambako mpita njia yeyote hukaa akapumzika. Ukivuka mlango uko tekani, yaani ukumbi wa kuingilia, na tekani hupinda kusudi, hata mlango ukiwa wazi aliye nje haoni ndani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi kwa juu. Kisha misana, yaani kumbi ndefu zilizo wazi upande wa kiwanda, kisha ndani yenyewe. Nyumba hizi zimekaa karne na zaidi, na kila ninapopita nawaza kwamba waliozijenga walijua kila neno lina chumba chake.

Basi nami nimegawa maneno ya kazi kwa kufuata nyumba. Dakani nasema ya kheri tu: asante, mgeni amekusifu. Kiwandani nasema yanayotuhusu sote, kama zamu za Maulidi au umeme uliokatika. Kosa la mtu mmoja nalipeleka msanani. Jikoni silisemi kamwe, hata kama limetendeka jikoni, kwa sababu jikoni ndiko mpishi anakoheshimiwa.

Hapa liko jambo ambalo wakufunzi wa kutoka bara huwa hawaligusi. Wanakwambia, mwite mwenzako ofisini ufunge mlango. Huku kwetu mwanamke msimamizi akijifungia chumbani na kijana wa mapokezi, kabla ya adhuhuri mtaa mzima una habari, na habari yenyewe haihusu kazi. Kanuni yangu ni maneno manne: tuonekane, tusisikike, tukae, tusizidiane. Msana una sifa hizo zote. Aliye kiwandani anatuona tumekaa, hasikii tunachosema. Kama ofisi yako haina msana, tafuta benchi la uani, kivuli cha mwembe, mwisho wa ukuta wa gati wakati wa alasiri. Nilipokuwa Malindi tulitumia ngazi za nyuma za hoteli, zilizoelekea baharini, na zilitufaa kuliko ofisi ya meneja.

Na kaeni nyote wawili. Usimwambie mtu neno zito wewe umesimama yeye ameinama anafuta sakafu.

Wakati wa kusemea

Mapema, lakini si papo hapo. Kwa kawaida nasubiri mpaka kazi iliyopo mkononi iishe, nisivuke siku ya pili. Ijumaa kabla ya sala sisemi. Wiki ya Maulidi, nyumba imejaa mpaka darini na kila mtu amelala kwa saa nne tu, sisemi ila la hatari. Mtu aliyefunga, saa tisa alasiri, mbele ya jiko la mkaa, humwambii kitu, hata kama una haki mara mia. Mpishi wangu nilimwambia baada ya futari, akiwa ameshasali magharibi na ameshakunywa uji.

La kusema

Salamu zetu ni ndefu, na uzuri wake siubishi. Hujambo, watoto hawajambo, mama anaendeleaje na miguu. Lakini nimeona watu wakizitumia kama mto wa kulazia neno. Wanasalimia, wanasifu, wanadondosha kosa katikati kwa sauti ndogo, wanasifu tena, wanaondoka. Aliyeambiwa anabaki na sifa mbili na hajui kwamba ameambiwa jambo. Mimi naacha salamu iwe salamu mpaka mwisho wake. Kisha nanyamaza kidogo, nasema, “Nna neno.” Kila mtu Lamu anajua maana yake. Anaweka chini alichoshika, anasikiliza.

Baada ya hapo nasema vitu vitatu: lini, ulifanya nini, kikatokea nini. Center for Creative Leadership, taasisi ya Marekani ya mafunzo ya uongozi, wanafundisha mfumo kama huo, wao wanauita hali, tendo na athari, na mgeni mmoja aliponieleza nilicheka, kwa kuwa nahodha yeyote akisimulia namna mashua ilivyopanda mwamba hufuata mpango huo huo. Hakuambii “utingo ni mjinga.” Anakuambia tulikuwa karibu na Manda, maji yanatoka, utingo akaachia demani, kamba ya tanga, mapema, tukageuka ubavu.

Kwa hiyo simwambii dada wa vyumba “wewe mzembe.” Namwambia: “Jumamosi mgeni wa chumba namba nne alifika saa saba, shuka zilikuwa bado za jana, akakaa dakani na mizigo yake dakika 40.” Ukisema mzembe, atatumia nguvu zake zote kukuonyesha kwamba si mzembe, atakutajia siku tano alizofanya kazi mpaka usiku, na atakuwa anasema kweli. Ukisema shuka, mtazungumza shuka.

Mgeni huyo huyo, mwalimu wa chuo, alinitajia kazi ya watafiti wawili, Avraham Kluger na Angelo DeNisi, iliyochapishwa mwaka 1996. Walikusanya matokeo 607 kutoka tafiti nyingi kuhusu kuwaambia watu jinsi wanavyofanya kazi. Kwa wastani kuambiwa kulisaidia. Lakini zaidi ya theluthi moja ya matokeo yalionyesha kwamba kuambiwa kulishusha kazi ya watu! Na hatari huongezeka pale maneno yanapoivuta akili ya mtu itoke kwenye kazi iende kwenye nafsi yake. Nililiweka hilo moyoni. Kabla sijafungua mdomo najiuliza: neno hili linamwelekeza kwenye shuka au linamwelekeza kwake mwenyewe?

Sasa mpishi. Yeye na mimi tumelingana umri na tulisoma madrasa moja, kwa hiyo namwita kaka naye ananiita dada. Tulikaa msana wa juu. Nikamwambia, “Kaka, nna neno. Samaki wa kupaka amezidi chumvi, leo na siku kumi zilizopita. Sahani zimerudi. Mimi nilijua tangu siku ya tatu na sikukwambia. Hilo ni langu.”

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, “Nyote mlijua?”

“Sote.”

“Na yule mtoto wa mapokezi?”

“Naye.”

Chumvi haikumuuma hata robo ya hapo. Akaniambia, akitazama boriti za dari, kwamba kwa siku 11 alikuwa kama mtu aliyetoka na kanzu iliyochanika mgongoni huku ndugu zake wakimfuata nyuma. Sikuwa na jibu, na nilifanya vizuri kutolitafuta.

Kisha nikauliza swali ambalo ningepaswa kuuliza siku ya tatu: “Umebadilisha kitu?” Akafikiri. Chumvi ya mawe ilikuwa imekwisha dukani, wakamletea ya pakiti, laini. Yeye hupima kwa kiganja, miaka yote. Na kiganja cha chumvi laini hubeba chumvi nyingi kuliko kiganja cha chumvi ya mawe, maana punje ndogo hujibana zaidi. Siku nyingine yoyote ulimi ungemwambia. Ramadhani ulimi ulikuwa umefungwa. Tukakubaliana mambo mawili: atapima kwa kijiko, na dada anayeosha vyombo, aliyetoka Mpeketoni na ambaye si Muislamu, ataonja kabla sufuria haijaepuliwa. Mazungumzo yote hayakuzidi robo saa. Angalia hilo swali la “umebadilisha kitu.” Usiende msanani ukiwa na hukumu tu, nenda na swali pia, na uwe hulijui jibu lake.

Kanga haifikishi barua

Watu wataniambia, kwani lazima useme wazi? Pwani tuna mafumbo, tuna kanga, tuna vijembe. Napenda mafumbo. Kwa wapenzi na mashemeji yanafaa sana. Kazini nimeona yanavyofanya.

Taulo nne zilipotea. Kijana wa mapokezi akauliza swali moja la kipuuzi, “Hizi taulo si zinapita kwa dobi?” Dada wetu wa kufua hakumjibu. Kesho yake alikuja amejifunga kanga yenye maneno “Mdhaniaye ndiye kumbe siye,” akapita nayo mapokezi mara sita. Mpishi aliiona akadhani inamhusu yeye na ile nyama ya Jumapili. Mtunza bustani akadhani ni yeye, akaacha kumsalimia. Mimi mwenyewe sikulala vizuri. Na kijana wa mapokezi, aliyekusudiwa? Alimsifu kwa rangi. Alisema nyekundu ile inampendeza.

Taulo zilikuwa kwenye mashua. Nahodha alikuwa akiwawekea wageni wanaoogelea.

Ukiwa na neno kwa mtu, mpe mtu huyo. Usilitundike kwenye kamba.

Na kanga ya siku hizi ni grupu la WhatsApp. “Kuna baadhi yetu wanaochelewa, wanajijua.” Hawajijui! Anayechelewa anadhani unamsema mwingine, na asiyechelewa hata siku moja ndiye anayekesha. Grupu langu la kazi sasa lina ratiba, boti za wageni na picha za watoto wa watu wakihitimu madrasa.

Mkubwa kwako

Hapa nitakawia, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokwama.

Nahodha wetu ana umri wa baba yangu mdogo, namwita ami, na nikiwa mtoto nilimbusu mkono. Mwezi mmoja alichelewa kuwapokea wageni Manda mara mbili. Ndege inatua, wageni wanashuka mpaka gatini, boti zote zinaondoka, wao wamebaki na masanduku.

Nilipojaribu kumwambia mara ya kwanza, nilimtuma mwanawe, ambaye ni utingo wake. Kosa kubwa. Ami alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni, akaniuliza, “Siku hizi mwanangu ndiye amekuwa msimamizi?” Mshenga anafaa kwa posa. Kwa kazi unaweza kumtuma mtu akuombee nafasi ya kuonana, lakini neno lenyewe ulibebe wewe.

Mara ya pili nilikwenda mwenyewe, na heshima ikanizidi. Nikasema, “Ami, nimekuja unifunze habari za maji, naona wakati mwingine yanasumbua safari za Manda.” Akafurahi sana. Alinifunza kwa saa nzima: bamvua, maji mafu, mkondo wa mlangoni unavyovuta kusi inapovuma. Nilirudi nyumbani nina elimu ya kutosha kuendesha jahazi na neno langu sikulitoa.

Mara ya tatu nilimfuata kwenye mashua yake, nikakaa chini yake kidogo, kwenye ubao wa mbele. Nikamsalimia inavyopasa. Kisha nikasema, “Ami, nna neno la kazi. Jumanne wageni walisubiri Manda nusu saa. Ijumaa walisubiri dakika 50, mmoja alikuwa na mtoto mchanga. Nataka wakishuka wakukute.” Basi. Sikuongeza “samahani,” sikuongeza “labda.” Heshima ilikuwa kwenye mahali, kwenye kikao na kwenye sauti. Maneno yenyewe niliyaacha yawe mafupi.

Akavuta pumzi, akasema, “Ndege zabadilisha saa, hapana anonambia.”

Nikarudi mapokezi. Kweli, ujumbe wa kubadilishwa saa ulikuwa umeingia kwenye simu ya ofisi mara zote mbili, na kijana wetu hakuupeleka. Nilikwenda kumkosoa mtu nikarudi nimekosolewa. Hutokea mara nyingi kuliko utakavyopenda, na ni sababu nyingine ya kwenda mapema.

Kusikia kisichosemwa

Si wote watakwambia “nna neno.” Wewe uliye juu, jifunze kusikia. Fundi wa makuti akikwambia “Inshallah Jumatatu,” huenda akaja. Akikwambia “Inshallah” bila siku, amekataa na hataki kukuvunja moyo. “Haina neno” ikitoka haraka, mtu akikutazama usoni, ni kweli haina neno. Ikitoka baada ya kimya, akiwa anakunja kitambaa, lipo neno, na ni kubwa. “Sawa bibi” mara tatu mfululizo maana yake anasubiri uondoke.

Ukisikia hivyo usimshike hapo hapo umhoji kama askari. Muulize kesho, na usimuulize “kuna tatizo?” maana jibu ni hapana. Muulize jambo dogo lenye upana: “Ingekuwa wewe ndiye unayepanga zamu, ungebadilisha nini kwanza?” Nimepata mengi kwa swali hilo. Mengine sikuyapenda.

Kwa mwenye mali

Mwenye nyumba yetu anaishi Ulaya miezi tisa kwa mwaka. Yeye husema, “Niambie wazi tu,” na kwa miaka miwili nilimwambia paa la makuti “si baya sana,” huku mvua za mwezi wa tano zikiingia chumba cha juu tukitega ndoo. Niliogopa ataona sijui kazi. Siku hizi namwandikia mistari minne: picha, tarehe, gharama kwa shilingi, na nini kitatokea tukichelewa. Hajawahi kukasirika. Alichokasirikia ni ile miaka miwili.

Likifika kwenye barua

Malindi niliwahi kuachishwa kazi na hoteli moja bila kuambiwa kosa langu. Niliitwa, nikapewa bahasha, nikaambiwa kampuni inajipanga upya. Miezi mitatu baadaye dobi wa pale aliniambia sokoni kwamba walisema niko polepole katika kupokea wageni. Kumbe lingesemwa ningelirekebisha kwa wiki moja. Shida ilikuwa kitabu cha wageni, nilikuwa nikikiandika mara mbili kwa kudhani ndivyo wanavyotaka.

Wakati ule sikujua kwamba Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kutofanya kazi vizuri, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mfanyakazi akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe, na amsikilize. Lugha anayoielewa! Nimeona barua za onyo zilizoandikwa kwa Kiingereza kigumu zikipewa mtu ambaye husoma Kiswahili na Kiarabu. Kama mambo yamefikia barua, iandike kwa Kiswahili, msomee, mpe nakala. Na kama barua ndiyo mara ya kwanza anasikia kosa lake, basi wewe ulichelewa.

Zamu yako ya kuambiwa

Nimeandika kurasa kama mtu anayejua. Sasa niseme nilivyoambiwa.

Dada wa vyumba, miaka 24, mwaka mmoja tu kazini. Alikuja msanani mwenyewe, alasiri, akasimama mpaka nikamwambia, “Njoo, kaa.” Akakaa. Akasema, “Bibi, nna neno.” Nikatabasamu, nikafurahi kwamba nimewafunza. Akaendelea: “Jumapili usiku, na Jumatano, na jana, ulituma sauti kwenye simu yangu baada ya saa tano. Moja ilikuwa ya dakika sita. Nalala chumba kimoja na mama na wadogo zangu. Simu ikilia wote huamka, na mama huuliza nimefanya kosa gani kazini.”

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu, “Mimi nilikuwa nafanya kazi hii wewe ukiwa hujazaliwa.” Yalitoka kabla sijayaona. Na hesabu yenyewe si sahihi, alikuwa ameshazaliwa, ana miaka miwili.

Akasema “Sawa bibi.” Akasema tena. Sikungoja ya tatu, nikaondoka mimi.

Nilitembea mpaka mwisho wa ukuta wa baharini nikarudi. Kifua kilikuwa cha moto. Nilitunga majibu mazuri sana njiani: kwamba nachoka, kwamba usiku ndio nakumbuka mambo, kwamba wengine hawajalalamika. Nilipofika mbele ya ngome nikasikia moja katika hayo majibu kwa sauti ya mtu mwingine, nikalijua. “Wengine hawajalalamika.” Na siku zile 11, nani alilalamika kuhusu samaki?

Kwa hiyo hiki ndicho ninachofanya sasa, na nakwambia ukijua kwamba mara ya kwanza nilifeli. Ukiambiwa, sema “asante, nimesikia,” kisha funga mdomo. Usieleze. Maelezo yako yanaweza kuwa ya kweli kabisa na bado yatamfundisha mwenzako kwamba kukwambia ni kazi ngumu. Rudia kwa maneno yako ulichosikia, ili ajue kimefika: “Yaani sauti za usiku zinaamsha nyumba.” Kama unahitaji kufura, kafurie ukutani pa bahari. Lakini rudi, siku hiyo hiyo au kesho yake, wewe ndiye urudi, usimngoje yeye. Si lazima ukubali yote. Dobi aliwahi kuniambia nawapendelea watu wa Shela kwenye zamu. Nilipitia daftari la miezi mitatu, nikamwonyesha, naye akaona sivyo. Nilichukua siku mbili kuangalia kabla ya kumjibu, na nadhani zile siku mbili zilimridhisha kuliko hesabu yenyewe.

Kwa yule dada nilirudi asubuhi kabla ya chai. Nikamwambia maneno yangu ya jana yalikuwa mabaya na ayafute. Nikamwomba ruhusa niende nikamsalimie mama yake, nimweleze kwamba mwanawe hana kosa. Akasema haina neno, akinitazama usoni. Nilikwenda, na nikaletewa kaimati.

Tukaweka mpaka: baada ya sala ya isha hakuna ujumbe wa kazi, ila kuwe na moto, ugonjwa au mgeni aliyefungiwa nje.

Juzi nilisahau. Nilikuwa kitandani, nikakumbuka mashuka ya chumba namba mbili, nikashika simu nikasema nayo weee. Hazikupita dakika mbili akajibu, kwa maandishi: “Bibi, ni saa tano na dakika 12.” Nikaifuta ile sauti, nikaandika “asante, nimesikia,” kisha nikaona kwamba hata hilo nalo ni ujumbe, nikalifuta pia.